Hapo si kwa Freemason, jameni

Juzi niko kwa matatu natoka Westi, jam imetushika pale raundabauti ya University Way hapa Nairobi, jamaa wa siti ya nyuma akaanza kuelimisha gari nzima. Ati lile jengo limejificha nyuma ya ua na miti ni la Freemason, usiku wanakunywa damu. Makanga anatingisha kichwa kama mzee wa kanisa. Mama wa kando yangu akakumbatia kibeti, sijui damu ya kibeti.

Nikageuka. Boss, hiyo ni sinagogi, Wayahudi wanasali hapo. La kwanza lilisimama 1913, Nairobi yenyewe bado mabati na matope, hili unaloona ni la 1955, na miaka hiyohiyo Israel Somen, Myahudi, alikuwa meya wa hili jiji. Akaniangalia kama nimelipwa.

Sasa yeye namsamehe. Kinachonichemsha ni shule. Tulikaririshwa "Mpango wa Uganda", tukajibu kwa mtihani, tukapata alama zetu, na hakuna mwalimu aliyetuambia hiyo Uganda ni Uasin Gishu! Eldoret hapo! 1903 Chamberlain, waziri wa makoloni wa Mwingereza, ameketi zake London anawapa Wayahudi waliokuwa wanauawa kule Urusi shamba la watu, ni kama kualika wageni wahamie kwa nyanyako na nyanya mwenyewe hajui. Wanandi wako hapo na mikuki, wamepigana na Mwingereza na reli yake miaka nenda rudi, lakini kwa makaratasi ardhi ni tupu. Tupu! Wayahudi wenyewe wakatuma watu watatu kuja kukagua, wakazunguka, wakarudi na ripoti baridi, na mkutano wao wa Basel, Uswisi, 1905 ukasema hatutaki. Unadhani basi mambo yakaisha? Oktoba mwaka huohuo Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, akaitwa mazungumzo ya amani, Meinertzhagen, afisa wa jeshi la Mwingereza, akampiga risasi. 1908 wakaja Makaburu na magari ya ng'ombe wakajikatia mashamba. Ukitaka kukasirika na damu, kasirika na hiyo.

Mambo ya Gaza tutagombana siku ingine, leo naongea jengo.

Na sawa, nakubali, wamejifungia sana. Huingii tu hapo ukitoka kununua mahindi choma, lazima upange mapema na askari akukague mpaka soksi. Zamani iliniudhi. Halafu nikakumbuka Norfolk, hapo juu tu, hoteli ambayo Abraham Block aliinunua 1927, yule Myahudi aliyekuja huku 1903 hana kitu. Ilipigwa bomu usiku wa kuamkia mwaka mpya, 31 Desemba 1980. Na Kikambala huko Pwani 2002, hoteli ya Waisraeli nayo ikalipuliwa. Hata wewe ungeweka ua.

Jam ikalegea. Nje, maua ya jakaranda yamelala kwa lami, askari wa geti anayafagia polepole kama mtu analipwa kwa saa. Jamaa alikuwa amenyamaza, nikajua nimeshinda. Tulipofika mwisho wa gari akanigonga bega, sauti ya chini kabisa.

"Sasa Freemason wenyewe wako wapi?"

Nyerere Road, nikamwambia, na bango wameweka. Akatoa simu akaandika.