Nyongeza mnatangaziwa, pensheni yake mnaambiwa nani atalipa?

Bili ya kodi ya nyumba imekuja tena na nimeikasirikia kabla sijaifungua. Huku Chicago inatoka kwa mweka hazina wa kaunti ya Cook, unalipa kwa awamu mbili kwa mwaka, na haijui kushuka. Ila kuna kitu kwenye hiyo karatasi ambacho kila mwaka kinanikalisha nayo mezani. Wameorodhesha kila anayekula hela yako, shule, jiji, kaunti, maktaba, mpaka bustani za kupumzikia, na kwenye mstari wa kila mmoja kuna safu inayoonyesha kiasi gani cha hiyo hela kinakwenda kulipa pensheni. Halafu wanakuandikia kabisa, huyu ameahidi wastaafu wake kiasi fulani, na mpaka leo amepungukiwa kiasi fulani. Mwenye nyumba anasoma, anaumia, lakini anajua.

Nyumbani Pasua, Moshi, kodi ya jengo iko ndani ya LUKU. Unanunua umeme, 1,500 inakatwa, yuniti zinakuja pungufu, unalaani kidogo maisha yanaendelea. Imeenda wapi, imemlipa nani, hakuna karatasi.

Najua wengine mshaanza. "Huyu naye kashakuwa mzungu, anatufundisha kodi." Subirini kwanza, manake sijaja kuwaambia Chicago wana akili kuliko Moshi. Hawa watu wana deni la pensheni linalotisha na nitalisema hapahapa bila kuficha. Ninachosema ni kimoja tu, kwamba nyongeza ya mshahara na pensheni ni hesabu moja, na sisi kwetu tunaoneshwa nusu ya kwanza tu, ile ya kupigiwa makofi.

Chukua Mei Mosi. 2022 baada ya miaka mingi ya ukame ikaja nyongeza ya 23.3% kwenye kima cha chini cha serikali, watu wakapumua. 2025 pale Singida ikatangazwa 35.1%, kima cha chini kutoka 370,000 kwenda 500,000 kuanzia Julai. Nilifurahi, tena nilipiga simu nyumbani siku hiyohiyo, nina mpwa mwalimu na binamu nesi, hizo hela zinawahusu. Sasa niambie, ni wangapi pale uwanjani au kwenye tv walisikia sentensi moja tu ya kusema nyongeza hii itaongeza kiasi gani kwenye mafao ya watakaostaafu miaka 10 ijayo na hiyo hela imeshatengwa wapi? Mimi sikuisikia.

Na inahusu sana. Kikokotoo, ile fomula ya kupiga mafao, wote mnakijua kwa machungu yake kwahiyo sirudii hadithi, ila tufanye hesabu kidogo. Unachukua miezi uliyochangia, unagawa kwa 580, unazidisha na wastani wa mshahara wa miaka yako mitatu bora. Mtu aliyefanya kazi miaka 30, yaani miezi 360, wastani wake milioni moja kwa mwezi, pensheni yake kamili kwa mwaka inafika kama milioni 7.4. Kwa ile 40% ya sasa mkupuo wake, yaani hela ya mara moja akistaafu, ni 40% ya hiyo pensheni ya mwaka mara 12.5, kama milioni 37, na ile 60% inayobaki anaipokea kila mwezi, kama 372,000. Mwenzake wa miaka hiyohiyo ambaye daraja lake lilirekebishwa mapema akafika wastani wa 1,200,000, mkupuo ni kama milioni 44.7 na kila mwezi kama 447,000. Tofauti ya laki mbili kwenye mshahara imegeuka zaidi ya milioni 7 mkononi na elfu 75 hivi kila mwezi mpaka kaburini.

Mama yangu mdogo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, ameanzia Kibosho akamalizia mjini. Amestaafu mwishoni kabisa mwa ile miaka ambayo mishahara ilisimama, 2016 mpaka 2021, kima cha chini hakikupandishwa, madaraja ya wengi yamegandishwa. Daraja lake alikuwa anastahili, barua ipo, tumbo la faili limejaa nakala, lakini kila akienda kwenye ofisi moja ambayo sitaitaja anaambiwa mwenye faili yuko semina. Akastaafu na mshahara uleule. Watu wanadhani alipoteza nyongeza ya miaka ile tu, hapana, ile hela anaikosa mpaka leo, kila mwisho wa mwezi, manake pensheni yake imepigwa juu ya mshahara ambao haukupanda. Serikali ilipobana mishahara wakati ule ilikuwa inabana na uzee wa watu, na hakuna aliyewaambia hivyo. Kila nikiongea naye kwenye simu akaniambia dawa za presha zimepanda huwa nawaza hilo.

Sasa nije huku msije mkasema nasifia. Illinois waliandika kwenye katiba ya jimbo ya 1970 kwamba pensheni ya mtumishi wa umma ni mkataba na haipunguzwi. Neno hilo lina meno kwelikweli, 2015 mahakama ya juu kabisa ya jimbo ikatupa sheria ya kupunguza pensheni za jimbo, 2016 ikatupa na ya jiji la Chicago. Mstaafu wa huku akilala analala. Mama mdogo angekuwa na kifungu kama hicho ningeshukuru Mungu. Lakini katiba haikusema hela itoke wapi, na wanasiasa wakafanya wanavyofanya wanasiasa kote duniani. Miaka na miaka jiji likawa linachangia kwa fomula iliyopangwa kisheria, kwa kuzidisha michango ya wafanyakazi wenyewe, haijali mzigo halisi ni mkubwa kiasi gani, huku mishahara inapanda kila mkataba mpya unaposainiwa na wastaafu wengi wa zamani wanaongezewa 3% kila mwaka juu ya 3%. Matokeo yake mifuko minne, wa polisi, wa zimamoto, wa vibarua na wa watumishi wa kawaida, imepungukiwa zaidi ya dola bilioni 30.

Ikaja kulipwa na nani? Na sisi wenye vijumba. 2015 meya Rahm Emanuel akapandisha kodi ya nyumba kwa dola milioni 588, na karibu yote, milioni 543, ilikuwa ya pensheni za polisi na zimamoto. Kabla yake mwishoni mwa 2008 walishakodisha mita za maegesho za jiji zima kwa miaka 75 wakapewa kama dola bilioni 1.15, nyingi wakazitumia ndani ya miaka michache kuziba mashimo ya bajeti. Nikipaki gari leo hela inaenda kwa kampuni, na itaenda hivyo mpaka wajukuu wangu. Halafu Novemba 2024 meya Brandon Johnson akaomba kodi ya nyumba iongezwe milioni 300, madiwani wakamkatalia 50 kwa 0. Hamsini kwa sifuri! Mimi mwenyewe nilifurahi siku hiyo kwasababu mfuko wangu ulipona, ila ukikaa ukafikiri, wale 50 hawakufuta hata dola moja ya deni, wamelisogeza tu. Bajeti ikapita Desemba kwa kura 27 kwa 23.

Kuna kingine kinachonichosha hapa. Wafanyakazi wengi wa mashuleni wasio walimu wako kwenye mfuko wa pensheni wa jiji, lakini mwenye kuwalipa na kuwapandishia mshahara ni bodi ya shule. 2025 wamevutana vibaya juu ya dola milioni 175, jiji linasema shule ilipe, shule inasema hilo ni deni la jiji. Huyu anatoa nyongeza anashukuriwa, yule anabeba pensheni analaumiwa. Mtu wa Moshi hapo haelewi nini? Kwetu mshahara wa mtumishi unatangazwa juu, unalipwa na Hazina, faili linakaa halmashauri, michango inaenda PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, na mstaafu akidai anazungushwa kati ya hao wote wanne.

Na msiseme kwetu hatujawahi kulimbikiza. Kabla ya Julai 1999 mtumishi wa serikali kuu hakuwa anachangia, ahadi ilikuwa ya serikali. Ikaanzishwa PSPF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa wakati ule, ikabebeshwa na ile miaka ya nyuma ambayo watu hawakuchangia, na hela ya serikali ya kufidia ikawa inachelewa mwaka hadi mwaka. Hilo shimo halikuandikwa kwenye bili ya mtu yeyote. Wananchi tulikuja kulijua kupitia ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, na mfanyakazi wa kawaida amekuja kulijua siku amesikia mifuko imeunganishwa 2018 na mkupuo wake eti unakuwa 25%. Kelele zikapigwa, Desemba 2018 Rais Magufuli akasitisha. 2022 ikaja 33, 2024 kwenye bajeti ikasogea 40. Hapo najivunia watu wetu, kweli kabisa, wafanyakazi wa Tanzania walisema kwa sauti mpaka hesabu ikabadilishwa, mara mbili. Na mchango wetu wa 5% kwa mfanyakazi na 15% kwa mwajiri ni mpango wa maana kuliko walichokuwa wanafanya Chicago miaka ile yote, mradi hiyo 15 iingie kweli, kila mwezi, sio kwenye karatasi.

Kuna ndugu yangu mmoja ananiambia "wewe unalalamikia pensheni ya walimu, mwananchi wa kawaida hana hata mshahara, kodi yake iende kwa wastaafu?" Swali zuri na silikwepi. Moshi tunajisifu mji msafi Tanzania nzima, nami najisifu nikiwa huku. Lakini wale kina mama ninaowajua mimi, wanaoinama na mafagio ya chelewa saa kumi na moja alfajiri kabla daladala hazijajaa, wako chini ya mzabuni, hawana mchango, hawana mfuko, mgongo ukikataa ndo basi amerudi Marangu kulelewa na watoto. Mji unaona umepata usafi kwa bei rahisi. Haujapata kwa bei rahisi, gharama ya uzee wao imehamishiwa kwa familia, haipo kwenye bajeti ya baraza la madiwani ndo mana inaonekana ni sifuri. Kwahiyo ndugu yangu, ukiniuliza kodi ya mwananchi iende kwa pensheni, nakujibu ndio, na iende mpaka kwa yule mama wa fagio, ila niandikie kwenye karatasi ni shilingi ngapi ili nikuulize ulichofanya nazo.

Wengine watasema rahisi kuongea ukiwa Marekani, rudi ugombee. Sawa. Lakini hela ninayotuma kila mwezi inaenda kujazia pensheni ya mama mdogo, na wenzangu wengi huku wanajazia za wazazi wao hivyohivyo, kwahiyo hii bajeti na sisi tunailipa, hata kama hakuna diwani anayetuhesabu. Siwezi kunyamaza kwa kuogopa kuitwa najidai.

Mei Mosi ijayo TUCTA, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, wakisimama kuomba asilimia, waombe na ya pili hapohapo, wizara iseme nyongeza hii inaongeza mzigo wa mafao kwa kiasi gani, na mchango wa mwajiri wa mwaka huu umeingia wote au bado. Na madiwani wa Moshi na Arusha wakipitisha bajeti, mkataba wa usafi useme mchango wa mfuko wa jamii wa yule anayefagia ni kiasi gani. Na wewe mpwa wangu mwalimu unayesoma hapa, usisubiri ufike miaka 60, ingia kwenye simu leo uangalie taarifa yako ya michango mwezi kwa mwezi, ukikuta mwezi umeruka au mshahara ulioandikwa ni wa daraja la zamani, andika barua, piga muhuri nakala, na uniambie jina la ofisi uliyopeleka.