Gesi Iko Takwa

Mimi nina mashua ya kutembeza wageni Lamu, vyumba viwili vya kupangisha mtaa wa Langoni, mke, watoto, na mama mkwe anayetaka chakula chake saa saba kamili. Yote hayo nilikuwa nayabeba kichwani, mpaka mgeni mmoja akanifundisha mbinu ya Mmarekani David Allen: kila jambo litoe kichwani uliandike, lipange kwa mahali linapofanyikia, na la chini ya dakika mbili lifanye papo hapo. (Dakika mbili Lamu hazitoshi hata kumjulia mtu hali. Ukimaliza yeye, kuna wazee wake, kuna watoto, na punda bado hujamuulizia.)

Basi nikatia programu kwenye simu, mke wangu naye akawa anaona orodha kwenye yake. Nyumbani, Gatini, Chomboni. Jumamosi saa nne asubuhi nikapeleka wageni Takwa, yale magofu ya kisiwa cha Manda, mji uliohamwa karne ya 17. Safari tamu, malipo mazuri. Simu ikaniuliza: jambo hili lirudiwe kila wiki? Nani anakataa pesa? Nikabonyeza ndiyo.

Sasa, Takwa haiingiwi kwa ubabe. Unapita mkono wa bahari katikati ya mikoko, na chombo hupenya maji yakijaa tu. Maji nayo kila siku huchelewa kama dakika 50. Zidisha kwa siku saba, unapata karibu saa sita: saa ya kujaa Jumamosi hii ndiyo saa ya kupwa Jumamosi ijayo. Mtoto wa Lamu anayajua haya kabla hajajua kufunga kikoi. Simu haikuzaliwa Lamu.

Jumamosi ya pili nahodha wangu akaniambia, "Mwanangu, yeo ni bamvua. Saa nne mai yatoka." Yaani leo ni siku za maji kujaa sana na kupwa sana, na saa nne yanatoka.

Nikamwonyesha kioo cha simu. Takwa, saa nne, rangi ya kijani.

"Haya," akasema, akaenda kuongeza chomboni upondo wa pili, ule mti mrefu wa kusukumia chombo. "Haya" ya mzee wa Kiamu ina uzito kuliko tusi.

Pale gatini nikakuta mtungi wetu wa gesi, ule wa kilo 6 wenye jiko lake juu, umeshajazwa. Kuupokea ni jambo la dakika mbili. Nikaupokea, nikautia chomboni, nikaweka alama: Gesi, tayari.

Katikati ya mikoko mashua ikakaa. Haikugonga, haikupiga kelele, ilikaa tu, na maji yakaendelea na safari yake bila sisi. Nahodha akasukuma upondo, upondo ukazama, akauacha palepale akajilaza. Kaa wakatoka matopeni kututazama. Wageni wanne, mimi, baharia, na saa nyingi mbele yetu.

Njaa ikaanza. Samaki tulikuwa nao, nazi tulikuwa nazo. Makaa yalikuwa kwenye orodha ya Nyumbani, na huko ndiko yalikobaki. Ndipo baharia akautazama mtungi, nami nikamtazama yeye.

Samaki yuko kikaangoni, simu ikalia.

"Baba Zuhura, simu yaniambia gesi imekwisha kununuliwa. Mbona jikoni siioni?"

"Iko Takwa."

Kimya. Kisha nikasikia sauti ya mama mkwe kwa mbali ikiuliza saa ngapi sasa. Simu ikakatwa, na ilikatwa na mtu aliyekusudia.

Tulirudi jua limeshainama. Wageni walilipa na kuongeza. Walidhani matope, kaa na samaki wa gesi ni sehemu ya safari. Wakawasimulia wenzao, na Jumamosi iliyofuata wakaja watu sita saa nne kamili, nguo fupi tayari, wakitaka safari ya kukwama.

Maji yalikuwa yamejaa tele.

Nahodha hakuinua hata kichwa. "Waambie waye Jumamosi iyayo," akasema. "Na gesi waye nayo wenyewe."