Nilidhani ni beji ya ACT

Jumatatu mwanangu karudi skuli na beji kaibana kwenye mkoba. Milia minne: mweusi, wa kijivu, mweupe na wa zambarau. Mimi Mpemba, nikiona zambarau akili yangu inakwenda pahala pamoja tu: chama cha siasa cha ACT, rangi yake hiyo. Nikamuuliza, "Tangu lini mtoto wa Leicester kaingia ACT?" Hakunielewa. Kazaliwa huku Uingereza, Maalim Seif, aliyekuwa kiongozi wa chama, kwake ni picha ya ukutani.

"Mama, hii ya eis." Akavuta pumzi kama mwalimu aliyepewa darasa gumu, akanifundisha. Kuna mtu anaitwa aseksuali, kwa ufupi eis, hapati matamanio ya kimwili kwa yeyote, mwanamme wala mwanamke. Kuna na aromantiki, haingiwi na mahaba, hajui kukosa usingizi kwa ajili ya mtu. Mmoja anaweza kuwa hili, mwengine lile, mwengine yote mawili. Na beji si yake, ni ya rafiki yake, ila mashoga zake (kwetu ndio marafiki wa kike) wote wameivaa ili asiivae peke yake.

Sikumuuliza zaidi. Sote tunajua "rafiki yangu" ana maana ngapi.

Nilikuwa nachuja tui. Nikasimama na kichujio mkononi, nikamkumbuka somo yangu wa Wete, shoga yangu wa skuli kule Pemba.

Kwanza niseme ninayoyaona huku, maana mtasema nimekuja kusifia. Mimi napakua chakula kwenye kantini ya skuli moja ya sekondari, si anayosoma mwanangu. Watoto wa miaka 13, 14, swali lao ni moja kutwa: unampenda nani? Anayejibu "simpendi mtu" haaminiwi. Tarehe 14 Februari mawaridi yanauzwa na kupelekwa darasa kwa darasa, na asiyepata anaonekana. Yupo msichana mmoja nimemsikia kwa masikio yangu akisimulia mvulana wake wa skuli nyengine, na kila wiki mvulana huyo anabadilika rangi ya macho. Wenzake hawakutanabahi. Mimi nimetanabahi, maana hadithi hiyo niliisikia Pemba 2001.

Na hili la marafiki linanikera zaidi. Huku ukiona wasichana wawili wameshikana mikono, watu wanauliza, nyinyi wapenzi? Wakijibu hapana, inakuja "aa, marafiki tu". Hilo "tu" ndilo linaloniuma. Kwetu shoga hana "tu". Shoga ndiye anayekusuka, anayekulalia ukiumwa, anayejua sanduku lako lina nini. Mimi na somo tulikuwa tukitoka skuli tumeshikana vidole mpaka njia panda na hakuna aliyegeuza shingo. Mtoto asiyetaka mahaba, anayetaka shoga wa kufa na kuzikana basi, kwetu alikuwa na pahala pa kukaa. Huku anaambiwa kakaa kwenye ngazi, apande juu.

Tena Pemba ya skuli ilikuwa pepo kwa mtoto wa namna hiyo. Ukionekana na mvulana unachapwa bakora, kwenu unachapwa tena. Asiyetazama wavulana ndiye aliyekuwa akitolewa mfano. Somo yangu alikuwa akisifiwa mbele ya gwaride: mtazameni mwenzenu, macho chini, adabu mbele. Kumbe hakuwa anajizuia. Hakuna kitu alichokuwa akikizuia.

Alitoka jasho pahala pengine, na si mbele ya walimu. Ilikuwa usiku, msimu wa karafuu. Mnakujua kuchambua karafuu: jamvi uani, kandili katikati, karafuu huku, makonyo kule, vidole vinanata mpaka vinakuwa vyeusi, na harufu hiyo utalala nayo wiki. Hapo ndipo siri zilipokuwa zikitoka. Zamu inazunguka, kila mtu ataje wake. Ikifika kwa somo anainamia makonyo yake kama kwamba yanataka kuhesabiwa. Usiku wa tatu akatuambia anaye, yuko Muskati, anamwandikia. Wote tukapiga vigelegele. Tangu hapo akapumua.

Na akatuletea barua tuzione. Nzuri, wallahi. Yeye ndiye aliyekuwa mwandishi wa barua za mapenzi wa darasa zima, tukimlipa mabungo na ubuyu, kwa hiyo alijua ziandikwe vipi. Mimi nilishika bahasha. Stempu ya Tanzania, muhuri wa Wete. Karatasi ya miraba, ya daftari la hesabu. Na ile "y" yake ya mkia mrefu niliyokaa nayo dawati moja miaka mitatu. Nikaikunja, nikaipitisha kwa mwenzangu, nikasema, "Anajua kuandika, huyo bwana." Sikumwambia kama nimejua. Yeye hakuniambia kama amejua nimejua.

Mwaka huohuo, nimekuja kusoma juzi, kijana wa Marekani anaitwa David Jay alianzisha mtandao wa watu wa namna hii ili wapatane na wapate jina. Sisi 2001 Pemba tulikuwa na yetu ya siasa, sina haja ya kuyataja.

Sasa sifa zangu za kwetu zinaishia hapa. Ile adabu aliyosifiwa nayo miaka kumi na minane iligeuka ugonjwa siku ilipoingia posa. Ya kwanza akakataa, wakasema ana haya. Ya pili, wakasema anaringa. Ya tatu, mama yake akaanza kulia usiku, na jirani akalitaja neno lenyewe: jini mahaba. Ana mume wa baharini, ndiye anayemfungia. Maskini somo, hakutaka mume hata mmoja, akawa nao wawili: wa Muskati na wa baharini, na wote hewa.

Akasomewa. Ijumaa tatu akanyweshwa kombe. Sahani nyeupe, aya zimeandikwa kwa zafarani, zinaoshwa kwa marashi, maji yanakuwa rangi ya chai ya rangi. Sahani niliishika mimi. Nilijua kila kitu kuhusu ile bahasha, na nilishika sahani kwa mikono miwili nikamwambia, "Kunywa somo, upate nafuu." Akanitazama, akanywa.

Baadaye akaozwa, miezi tisa, akarudi kwao. Alichonambia ni kimoja: "Mtu mwema. Sikuwa na la kumpa." Sasa ana cherehani yake na analea watoto wa dada yake. Ameniruhusu kuandika haya, kwa sharti nisimtaje. Na mimi simvishi jina asilolichagua. Nasema tu kwamba laiti yule msichana wa uani angelijua kuna wengine.

Wako wangapi? Mtafiti mmoja, Bogaert, alichapisha 2004 hesabu kutoka kwa Waingereza zaidi ya 18,000 waliohojiwa: kama mmoja katika kila mia alisema hajapata kuvutiwa na mtu yeyote. Sensa ya Uingereza na Wales ya 2021 ilipouliza, na kujibu ni hiari, watu kama 28,000 waliliandika neno hilo wenyewe, na hao ni wachache kuliko mmoja kwa mia, maana wengi hata neno hawalijui. Pemba sensa ya 2022 ilitukuta zaidi ya laki tano. Ondoa watoto, piga ya Bogaert, unapata zaidi ya elfu mbili. Makombe mangapi hayo?

Naam, nawasikia. "Keshalewa Uzungu, anatuletea ushoga." Kwanza, shoga ni neno letu wanawake wa Unguja na Pemba, wengine wamelichukua wakalifanyia yao, mimi silitoi mdomoni. Pili, watoto hawa hawamtaki mtu. Kila Ijumaa mnawahubiria vijana wajizuie, na huyu hana cha kujizuia, mnamnywesha zafarani. Kosa lake lipi?

"Lakini ndoa ni suna." Ni suna, sikukataa, na mimi nimeolewa. Ila zile hadithi arubaini tulizokaririshwa chuoni alizikusanya Imamu Nawawi, na Imamu Nawawi alikufa 1277 hakuoa. Sisemi alikuwa hivi wala vile, elimu ilimshughulisha. Nasema hakuna aliyemwandikia sahani. Na Sura ya Nur, aya ya 31, inataja wanaume wasio na matamanio kwa wanawake. Mashekhe wana maneno marefu ni akina nani hao. Mimi si shekhe, lakini kusoma najua: wametajwa.

Wala sisemi huku ndiko. Huku kila jambo lazima lipate jina, jina lipate bendera, bendera ipate siku. Hawa siku yao tarehe 6 Aprili, na wiki nzima Oktoba. Kuna wakati natamani mtoto wa miaka 15 aachiwe asijijue kidogo, kama tulivyoachiwa sisi. Halafu nakumbuka tuliachiwa mpaka lini. Huku mtoto wa namna hiyo anateseka akiwa na miaka 14, akifika 30 hakuna anayemuuliza. Kwetu anakula raha akiwa na 14, mateso yanamngoja mlangoni na barua ya posa. Mkiniambia nichague, sijui. Mwanangu kachagua beji. Ya rafiki yake.

Usiku ule nilimtumia somo ujumbe wa sauti, dakika nane. Nilimweleza milia minne, nikamweleza neno lenyewe, mwisho nikamwambia habari ya muhuri wa Wete. Miaka yote hii.

Alikaa usiku kucha hajajibu. Nikajuta.

Alfajiri simu ikalia. Anacheka mpaka anakohoa, nyuma yake cherehani inakwenda. "Ulijua, mwanaharamu we! Ulijua na ukanishikia sahani!" Halafu akanyamaza, cherehani nayo ikanyamaza. "Zambarau, nyeusi na nyeupe, umesema? Basi niletee moja. Hapa Wete naivaa mpaka sokoni, hakuna wa kuniuliza."

Ukafuata ujumbe wa pili, mfupi: "Nikienda kwa sheha, mtu wa serikali, nitaivua."