Ushanga wa Kaole na mwale wa protoni

Mzee mmoja wa Kaole, kusini kidogo mwa mji wa Bagamoyo, aliniwekea kiganjani ushanga mwekundu wa kioo, rangi ya tofali, mdogo kuliko punje ya mahindi. Masika yalikuwa yameufukua. "Huu ulitoka wapi, mwanangu?" Sikuwa na jibu.

Maabara yenye mashine ya kuongeza kasi ya chembe ingekuwa nalo. Protoni, chembe ndogo za kiini cha atomi, husukumwa kwa volti milioni mbili au tatu, zikaupiga ushanga na kung'oa elektroni za ndani kabisa ya atomi. Elektroni za nje hushuka kuziba pengo, na kila inayoshuka hutoa eksirei yenye nishati ya elementi ile: shaba ina yake, chuma kina yake. Njia hii ilianzia Lund, Uswidi, mwaka 1970. Jumba la Louvre, Paris, lina mashine yake, na huko kitu hupimwa bila kuingizwa kwenye chumba kisicho na hewa, bila kukatwa.

Wanaopinga shanga kupelekwa nje kwenye mashine hizo wanauliza: kipimo cha eksirei cha mkononi kinaingia kwenye begi, kwa nini shanga zipande ndege? Mali ngapi za pwani hii ziliondoka zisirudi? Hofu hiyo naiheshimu kwa dhati. Ila kipimo cha mkononi huishiwa nguvu hapo hapo tunapokihitaji. Vioo vingi vya kale vya India vina alumini nyingi. Vya Mashariki ya Kati, vilivyoyeyushwa kwa majivu ya mimea, vina magnesiamu zaidi. Eksirei za elementi nyepesi hivi ni dhaifu, na hewa huzimeza njiani.

Mwale wa protoni huzipata vizuri zaidi, ila nao una kasoro. Eksirei ya sodiamu hutoka kwenye ngozi ya kioo tu, na ngozi iliyolala karne kadhaa kwenye mchanga wa chumvi huwa imepoteza sodiamu yake. Bahati nzuri, protoni hugonga pia kiini cha sodiamu, kikatoa miale ya gama kutoka ndani zaidi. Vipimo hivi viwili vya sodiamu vikipishana, uchakavu wa ngozi hujulikana. Mwale ukikawia mahali pamoja, kioo huingia doa la kahawia.

Kwa hiyo mimi nasema zipelekwe, lakini zile zilizokwisha kuvunjika, baada ya kipimo cha mkononi kuzichuja. Afrika Kusini wana mashine hizi, si lazima Ulaya. Na mkataba uandikwe kabla: ushanga wenyewe urudi Bagamoyo, na spektra zake zote, yaani michoro ya eksirei zilizopimwa, pamoja na maelezo ya Kiswahili ambayo yule mzee ataweza kusomewa.