Nam Lolwe Iliwahi Kukauka

Juzi pale Dunga, ufuo wa wavuvi huku Kisumu, nilikuwa nikilalamika kuhusu mvua zisizoeleweka na samaki wanaopungua. Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu alinisikia, akacheka. "Kijana, hii ni Nam Lolwe, ziwa lisilo na mwisho. Samaki wa hapa wameona ukame mwingi. Hawamaliziki hawa." Sikumbishia. Mzee habishiwi akiwa na sindano mkononi. Lakini maneno yake nililala nayo, kwa sababu nusu yake ni kweli tupu.

Ziwa Victoria, ndilo hilo Nam Lolwe kwa Kijaluo, ni pana mno, kilomita za mraba zaidi ya 68,000, ila ni kama sinia: kina chake kirefu kabisa ni kama mita 80 tu. Tena karibu asilimia 80 ya maji yake haiji na mito, ni mvua inayoangukia ziwa lenyewe, na jua huyarudisha juu mengi ya maji hayo. Mvua ikigoma kwa vizazi, sinia hukauka. Ndivyo ilivyokuwa kuelekea mwisho wa enzi ya barafu. Mwaka 1996 wanasayansi waliochimbua tope la sakafu ya ziwa walieleza walichokuta: tabaka la udongo uliowahi kuwa nchi kavu, lenye vijizizi vya mimea. Maji yalirudi miaka kama 15,000 iliyopita.

Sasa mtazame fulu, yule samaki mdogo ambaye watoto wa ufukweni humvua kwa ndoana na nyungunyungu. Ziwa hili lilikuwa na spishi zake zaidi ya 500: wapo waliokwangua mwani kwenye mawe, waliovunja konokono, hata waliokula watoto wa fulu wenzao. Zote hizo zimetokea ndani ya miaka 15,000? Kwa mabadiliko ya jeni yanayozuka moja moja, muda huo hautoshi hata kidogo.

Jibu lililotolewa mwaka 2017 linanipendeza sana: fulu wetu ni machotara. Miaka kama 150,000 iliyopita, hali ya hewa ilipobadilika na maji kupata njia mpya, fulu wa upande wa Kongo walikutana na wa upande wa Mto Nile, wakazaana. Hata jeni za macho zilichanganyika, jicho la kuona vizuri wekundu na jicho la kuona vizuri rangi ya buluu. Ukame mkuu ulipokuja, masalia wao walijibanza kwenye mito na vidimbwi na mchanganyiko wao wote, kama mahindi ya mbegu yanayoning'inizwa juu ya meko yasubiri msimu. Ziwa lilipojaa, mbegu ilikuwa tayari.

Kwa hiyo mzee ana haki kusema walinusurika. Ninapoachana naye ni hapo anaposema watanusurika tena. Hawakuokolewa na ukubwa wa ziwa. Waliokolewa na vichochoro vyake.

Na vichochoro hivyo tumevifanya nini? Mbuta, yaani sangara, samaki mkubwa anayekula samaki wenzake, aliingizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 fulu walikuwa wameporomoka; inakadiriwa spishi kama 200 zimetoweka. (Najua, mbuta amesomesha watoto wengi wa ufuo huu. Sisemi tumtapike.) Kisha kuna matope na uchafu. Fulu jike humchagua dume kwa rangi. Maji yakiwa kama uji, mwekundu na wa buluu hawatofautiki, na spishi mbili zinaanza kuwa moja bila yeyote kuvuliwa. Kila Mto Nyando unapoteremka mwekundu kuja ghubani, mimi huwaza macho hayo yaliyodumu miaka 150,000 yakikosa kazi.

Kimebaki kichochoro kimoja ninachokijali kuliko vyote: Kanyaboli, kiziwa kidogo cha Siaya kilichofichwa na mafunjo ya kinamasi cha Yala. Mbuta hastahimili maji yenye hewa haba kama ya kwenye mafunjo. Ndiyo maana huko bado wapo fulu, na yupo ngege halisi, tilapia wa asili wa ziwa hili, ambaye katika ziwa kuu amekaribia kuwa hadithi. Na kinamasi hicho ndicho kwa miongo mingi tumekuwa tukikikausha kwa ajili ya mashamba, kwa hoja kwamba ni ardhi iliyolala. Imelala? Ghala la mbegu huwa limelala hivyo hivyo. Ningekuwa na kura moja tu ya mazingira huku kwetu, ningeipiga kwa yale mafunjo kabla hata ya kuliwazia ziwa lenyewe.

Nilirudi Dunga jana. Nikamuuliza mzee ni lini mara ya mwisho alivua ngege wa zamani, si huyu tilapia mgeni tunayemwagiza hotelini. Akasimamisha sindano, akahesabu kwa vidole, akaacha. "Mjukuu wangu huyu hajawahi kumwona," akasema, akaniuliza kama nitachukua omena.