Menifoldi ya Silva

Kutu ya menifoldi, lile bomba la chuma linalokusanya moshi wa injini na kuupeleka kwenye ekzosi, haiui gari, inakera macho tu. Kwenye Corolla AE100 inakera zaidi, maana menifoldi imekaa mbele, upande wa rejeta. Ukifungua boneti ndiyo inakusalimia kwanza. Na Jumapili alikuwa anakuja mzee mmoja kuliona gari, anunue.

Kuifungua hakukunisumbua. Nati nilizilowesha mafuta ya kulegeza kutu usiku kucha, zikatoka zote isipokuwa moja iliyokatika na stadi yake, ile bolti inayoishikilia menifoldi kwenye injini. Nikasugua kwa brashi ya waya iliyofungwa kwenye drili, nikazamisha menifoldi kwenye ndoo ya siki kutwa nzima, nikasuuza kwa maji ya magadi na kuikausha palepale. Chuma kilichotoka kwenye siki ukikiacha na unyevu, kutu inarudi kabla hujamaliza kikombe cha chai. Mpaka hapo ungeniita fundi.

Tatizo lilikuwa kopo. Rangi ya kuhimili joto niliiona ghali, na stoo kulikuwa na silva iliyobaki tulipopaka geti. Silva si silva? Nikapaka kwa brashi, mikono mitatu, minene kama uji.

Jumapili mzee akaingia, tukaenda kulijaribu. Kufika mataa ya Mwenge, foleni imesimama, moshi ukaanza kutoka pembeni mwa boneti. Rangi ya geti imetengenezwa kuvumilia jua. Menifoldi injini ikifanya kazi inaweza kupita nyuzi 400.

“Bosi, gari linaungua!” konda wa daladala akapaza sauti. Mzee wangu alikuwa keshashuka, mlango kauacha wazi.

Nikainua boneti. Hakuna moto, ni silva tu inachanua malengelenge kama chapati kwenye kikaango. “Jamani ni rangi, msimwa—”

Kijana wa bodaboda alishachukua ndoo ya mama ntilie, maji ya kuoshea vyombo. Pwaa! Kisha ikasikika sauti ndogo, kavu: ting.

Menifoldi ni chuma cha kusubu, nacho kinavumilia moto mkali, lakini hakitaki kushtuliwa. Ulipomwagiwa, upande mmoja ulisinyaa ghafla huku wa pili bado umetanuka kwa joto, kikapasuka katikati ya bomba la pili na la tatu. Kuwasha gari, mngurumo wa mashine ya kusaga. Juu ya ufa kulikuwa na punje moja ya maharage inakaangika, na harufu yake ilikuwa nzuri kuliko ya rangi.

Mzee akapanda daladala ya konda yuleyule. Kijana akaniomba ya soda. Nikampa.

Menifoldi nyingine niliipata kwa wauza spea za mtumba. Safari hii nilinunua rangi yenyewe: nikaifuta menifoldi kwa thina, nikapuliza mikono mitatu myembamba, dakika kumi kati ya mkono na mkono. Rangi hii bila kuokwa inabanduka. Nusu saa nyuzi 120, ipoe, nusu saa nyuzi 200, ipoe tena. Hatua ya mwisho, nyuzi 315, oveni ya nyumbani haifiki, hiyo nikaiachia injini yenyewe. Gasketi mpya, stadi mpya, nati nikazikaza kuanzia katikati kwenda pembeni, kidogo kidogo.

Oveni niliitumia mke wangu akiwa Morogoro, madirisha yote wazi. Aliporudi akaoka keki. Mtoto akaonja, akauliza kwa nini inanukia gereji.