Hapa Hatufugi Paka

Leo nimepewa pole ya msiba kwenye daladala, na sijafiwa. Mama mmoja kaniangalia macho, kaangalia leso niliyoshika puani, akajisogeza kwenye siti na kuniambia, "Kaa mwanangu, kazi ya Mungu haina makosa." Nikakaa. Ungefanyaje wewe? Saa kumi na moja jioni, siti zinagombewa kupitia dirishani, halafu uanze kueleza gari zima kwamba hujafiwa, ulikwenda tu kuangalia chumba cha kupanga? Konda mwenyewe alinipitisha kwanza, na aliporudi kudai nauli aliidai kwa sauti ya chini, ya mtu aliyesimama mlangoni kwa wafiwa.

Nina aleji ya paka. Mnavyosema najua. Mnasema aleji ni ugonjwa wa watu wa Masaki. Na mimi nashangaa vilevile. Mwili huu umekulia Manzese, umekunywa maji ya kisima, umekula mihogo ya kukaanga yenye pilipili ya juzi, umevuta moshi wa magari miaka nenda rudi, haukusema kitu. Ukanyamaza, ukavumilia yote, ukamchagua adui mmoja: paka. Kiumbe anayelala kuliko mlinzi wa usiku.

Daktari kanipima akanipa ushauri kwa utulivu kabisa: epuka paka. Nikamwuliza, daktari, niende wapi, baharini? Huko Feri kwenye samaki ndiko makao yao makuu. Akaandika vidonge. Vile vidogo vya manjano vinakata chafya kweli, ila vinakata na fahamu. Nimeshasinzia kikaoni, na aliyekuwa anaongea ni mimi.

Ninapokaa sasa hapakuwa na paka. Mwezi uliopita akaingia mpangaji mpya, chumba cha tatu, paka wake kamleta ndani ya boksi la sabuni. Nyumba yenyewe mnaijua, vyumba sita dari moja. Sisi watu tumetenganishwa na kuta, paka yeye hana habari na kuta. Usiku anakatiza juu ya gipsamu kutoka chumba hadi chumba, na kila anapopita vumbi linashuka kwenye chandarua changu. Nikaenda kwa baba mwenye nyumba na mkataba mkononi. Kausoma wote, kisha akasema, "Hapa umekatazwa muziki mkubwa na wageni wa kulala. Paka ana muziki?" Nikaondoka kwa heshima, nikamtafuta dalali.

Sasa dalali. Dalali ukimwambia una aleji ya paka anasikia bajeti tu. "Paka hakuna kabisa kaka mkubwa," anakwambia, kwa sauti ileile anayosemea "maji yapo saa zote" na "kutoka barabarani ni hatua mbili". Kanipeleka Tabata, jikoni kuna kuku anaatamia. Kanipeleka Kimara, paka hakuna, ila kuna bata bukini aliyeniambaza ukutani mpaka akaitwa mwenyewe. Kanipeleka Goba: nyumba safi, paka hakuna, maji hakuna, barabara hakuna, nadhani hata paka aliulizwa akaona ni mbali. Nimefikia hatua ya kuzikuza picha za WhatsApp nikitafuta mkia. Kuna moja ya sebule nzuri tu, vigae vinang'aa, ila pembeni ya kochi kuna kitu cha kijivu. Dalali anasema ni dekio. Dekio gani lina masikio?

Basi leo asubuhi kapiga. "Kaka mkubwa, Mwananyamala, chumba na sebule, choo ndani, laki mbili na nusu, mama mwenye nyumba mcha Mungu, paka hakuna." Hesabu ikapita kichwani yenyewe: miezi sita milioni moja na nusu, mwezi mmoja wa dalali laki mbili na nusu, jumla milioni moja na laki saba na nusu. Nikaomba ruhusa kazini.

Nikakuta uwanja umefagiliwa, mistari ya ufagio bado inaonekana mchangani. Mama kakaa kwenye mkeka anachambua mchele kwenye ungo. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, karibu. Nikavua viatu, nikavuta hewa. Pua kimya. Nikachungulia chumbani, dirisha kubwa, nikaanza kupanga moyoni kitanda kitakaa upande gani.

"Mama, samahani, nauliza tu. Hapa kuna paka?"

"Paka? Hapa hatufugi paka."

Kasema bila kupepesa jicho. Na wakati anasema, paka alikuwa kalala kwenye ungo wa pili, ule usio na mchele. Mnene, rangi ya chai ya maziwa, sikio moja limeliwa.

"Na huyo, mama?"

"Nani?"

"Huyo hapo."

Akageuka, akamtazama. "Aah, huyo. Huyo si wetu. Anakuja tu."

"Anashinda wapi?"

"Anashinda hapa."

"Na usiku?"

"Analala hapahapa. Usiku atakwenda wapi?"

"Kula je?"

"Mwanangu, wewe utakula mbele ya kiumbe usimtupie?"

Jamani, mji huu hakuna anayefuga paka. Zunguka Dar es Salaam yote, gonga kila mlango, utaambiwa hapa hatufugi. Kuku ana mwenyewe, tena kafungwa kitambaa chekundu mguuni asichanganywe na wa jirani. Mbuzi ana mwenyewe. Paka kibakuli anacho, ratiba ya dagaa anayo, jina analo, mwenyewe tu ndiye hayupo. Kwa hiyo ukiuliza unajibiwa ukweli mtupu, na ukweli huohuo unaondoka nao umevimba macho.

"Anaitwa Mjumbe," mama akaniongezea. "Hakuna nyumba asiyoijua hapa mtaani."

Dalali, ambaye alikuwa uani anaongea na simu, akasikia neno mjumbe akadakia, "Ndiyo, na mkataba tutasainia mbele ya mjumbe." Nikamtazama Mjumbe kwenye ungo. Ikachukua muda kuelewana kwamba wa muhuri ni mwingine, wa serikali ya mtaa, tena yeye ukimtaka hapatikani. Huyu wa ungo alipatikana mara moja. Alijinyoosha, akapiga mwayo, akaja kunikagua.

Chafya ya kwanza ilikuwa ya heshima, niliipokea kwenye kiwiko. Ya pili ikaja na mwenzake. Mama akawa anaitikia kila nikipiga, kwa dua, kama inavyotakiwa. Ya tano akaacha, akaweka ungo chini.

Nikaona nieleze kistaarabu. Nikamwambia, mama, tatizo wala si manyoya. Ni protini, ipo kwenye mate na ngozi ya paka. Akijilamba inabaki kwenye manyoya, ikikauka inapeperuka, nyepesi kabisa, inaning'inia hewani, inashika pazia, kapeti, godoro, nguo. Hata paka mwenyewe akihama leo, chumba kikadekiwa, inaweza kubaki humo miezi mingi, hata sita.

"Miezi sita?"

"Ndiyo mama."

"Na kodi yangu ni miezi sita." Akapiga hesabu kidogo. "Basi ukimaliza mkataba si utakuwa umepona?"

Nilikosa jibu. Nimelitafuta njia nzima ya kurudi na bado silipati.

Jirani akatokeza juu ya ukuta. "Huyo kijana ana nini?" Dalali, badala ya kunyamaza, akajibu, "Anaogopa paka." Nikasema si kwamba naogopa, ila maneno yalikatwa katikati na chafya, ikasikika nusu tu, "naogopa". Mama akatikisa kichwa. Akanitajia Abu Huraira, swahaba wa Mtume, ambaye hata hilo jina kalipata kwa kupenda paka. Mtu mzima, akasema, hashindwi na paka hivihivi. "Hapa kuna kitu. Wewe una jini. Jini ndilo halielewani na Mjumbe." Akamwita mjukuu: "Lete chetezo!"

Nikasema mama usihangaike. Mtoto alishaleta, makaa tayari, ubani ukamwagwa juu. Nataka mwelewe hali yangu. Pua imeziba, macho yamevimba, kifua kinabana, na mama mtu mzima niliyemwamkia shikamoo ananizungusha chetezo kichwani kwa nia njema kabisa. Humpokonyi. Humkimbii, viatu viko mlangoni, na Mjumbe kaja kuvilalia. Nikabaki nimekaa kwenye mkeka na adabu zangu zote nilizofundishwa, nakohoa.

"Linatoka!" jirani akapiga kelele. Ukuta mzima sasa ulikuwa na vichwa.

Machozi yakanitiririka. "Analia maskini, linamwachia."

Nikajikaza nikapata pumzi ya maneno mawili: "Naombeni maji."

"Limeomba maji!" mama akaita. "Ni la baharini!"

Hapo heshima ikaniisha. Nikasimama, nikasema kwa sauti iliyovuka ukuta, sina jini, sijarogwa, siogopi paka, nina aleji, ni ugonjwa, upo, watu wanautibia hospitali, na ninachotaka katika dunia hii ni chumba kimoja na sebule ambamo naweza kuvuta hewa niliyoilipia miezi sita! Wakanyamaza wote. Kisha mama akasema taratibu, "Linajibu kwa ukali. Hili la zamani."

Moshi ulipopungua nikakuta chumba kimeshachukuliwa. Ile simu ya dalali ilikuwa ya mteja mwingine, alikuwa anamwambia awahi, kuna mtu anataka kulipia. Kijana kafika kwa bodaboda, kaingia katikati ya ubani, kaangalia dirisha, kahesabu noti. Mjumbe akaacha viatu vyangu, akaenda kujisugua miguuni kwake, na kijana akainama akamkuna shingoni. Pua yake kavu kabisa. Sijawahi kumwonea mtu wivu wa pua.

Mama hakuwa na ubaya, kanifungia ubani uliobaki kwenye kipande cha gazeti, nifukize kwa siku kadhaa, baada ya magharibi. Dalali kanifuata hadi barabarani kudai elfu ishirini ya usumbufu. Nikamwuliza usumbufu wa nani? Akaniambia, "Kaka, mimi nimekuonyesha nyumba. Jini umekuja nalo mwenyewe."

Jioni hii kanitumia nyingine, maana dalali hajui kukata tamaa. Apatimenti, Sinza, ghorofa ya tatu, kwenye mkataba imeandikwa wazi wanyama marufuku. Nikafurahi mpaka nikafika kwenye bei: laki sita, mwaka mzima mkupuo. Milioni saba na laki mbili. Yaani kuna watu wanalipa fedha hizo ili paka asiwepo, na sisi tunaambiwa anakuja tu. Halafu kwa bei hiyo bado nikauliza, huko chini getini kuna mlinzi? Yupo. Mlinzi analeta chakula chake? Analeta. Dagaa? Kimya. Basi.

Rafiki yangu mmoja ananishauri nijenge. Ushauri mzuri, nimeuweka pamoja na ule wa kuepuka paka. Mwingine anasema nivumilie, paka anasaidia panya. Panya wa nyumba yetu nimewaona, na paka wa chumba cha tatu nimemwona anawaona. Wanaheshimiana. Panya kakata waya wa taa ya uani, fundi kadai elfu kumi na tano, tukachangishana.

Na kuchangishana kwenyewe ndiko kutakakonitoa roho kabla ya paka. LUKU yetu ni mita moja kwa vyumba sita. Zamu zipo, zimeandikwa kwa chaki nyuma ya mlango wa choo, kila mtu analipa sawa. Mimi nina taa mbili, feni na chaja. Chumba cha tano kuna friza inanguruma usiku na mchana. Nikasema kwenye kikao tugawane kwa matumizi, nikaambiwa naleta ubaguzi. Tangu 2021 kodi ya jengo nayo inakatwa humohumo kwenye LUKU, kila mwezi, na anayenunua umeme ndiye anayekatwa. Nilimwuliza baba mwenye nyumba, jengo ni lako au langu? Akaniuliza, unataka na hati?

Nimerudi leo koo limekauka kwa ubani, nikagonga chumba cha tano ninunue barafu ya ukwaju. Zamani shilingi mia. Kaniambia sasa mia mbili, umeme umepanda.